Wapenzi wa picha wa Bukavu wajitambulishe kwanza kwa wanaowapiga picha

Kila mpenzi wa picha mjini Bukavu anajua kujitambulisha. Akikutana na wenzake wenye shauku kama yake, wawe wa Goma, wa Nairobi au wa Brussels, maneno yanatoka yenyewe: jina, kartie anayoishi, simu au kamera anayotumia, mwaka alioanza, kisha kitu anachopenda kupiga. Mmoja anapenda ziwa linapogeuka jekundu jioni upande wa La Botte. Mwingine anapenda mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, iliyofungwa mitatu mitatu, na taa zao usiku. Na wengi, pengine kupita hao wote, wanasema sentensi ile ile: "Napenda kupiga picha za watu wa kawaida."

Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Mtu wa kawaida huyo ni nani? Ni mama anayepanda kutoka Beach Muhanzi na mzigo mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, macho chini. Ni mtoto wa familia iliyokimbia Kalehe, amekaa kwenye ngazi za kanisa na sahani tupu. Ni mzee wa Kadutu anayeokota mabati baada ya moto kupita. Picha zao ni nzuri, hakuna anayekataa. Lakini mama yule hakuambiwa jina la kijana aliyempiga. Hakuambiwa picha inakwenda wapi. Hakusalimiwa hata "jambo Mama". Kijana amejieleza kwa mistari kumi mbele ya watu ambao hatawaona maisha yake yote, na mbele ya mama wa umri wa kumzaa, kwenye barabara anayopita kila siku, alifunga mdomo, akanyoosha simu, akaondoka.

Katika mji huu mtu haingii nyumba ya jirani bila kupiga hodi. Hata mtoto aliyetumwa kuomba chumvi anapiga hodi, anangoja aambiwe karibu, ndipo anavuka kizingiti. Mkimbizi wa ndani hana mlango wa kupigiwa hodi. Nyumba yake imebaki Nyabibwe au Minova, na yeye analala kwenye sebule ya watu au sakafu ya darasa. Kilichobaki kuwa nyumba yake ni mwili wake na uso wake. Anayechukua uso huo bila hodi ameingia ndani bila kukaribishwa, na kukosa mlango si ruhusa.

Wapenzi hao wa picha watasema hawana nia mbaya, na ni kweli. Wengi wao ni wanafunzi, walimu, mafundi, vijana wasio na kazi ambao wamegundua kwamba simu ndogo inaweza kuwatoa kwenye mawazo ya kila siku. Hawalipwi. Wanapiga kwa kupenda. Na mji unawahitaji, kwa sababu mgeni mwenye kamera kubwa huja siku ya vita na kuondoka siku ya tatu, na baada yake wanabaki wao. Tangu vikosi vya AFC/M23 vilipoingia Bukavu tarehe 16 Februari 2025, maisha ya kawaida ya hapa yanaonekana nje kwa kiasi kikubwa kupitia macho ya wenyeji wenye simu. Ndiyo maana ubishi huu ni wao, wala si wa wageni. Mgeni anaweza kusema hakujua desturi. Mtoto wa Panzi au wa Bagira hawezi.

Kuna jambo jingine la kuwaambia, na halitawafurahisha. Kati ya wapenzi wa picha kuna dharau fulani kwa mpiga picha wa kazi, yule wa harusi na komunyo ya kwanza, mwenye pazia la maua nyuma na watu waliosimama wima kama nguzo. Wanasema hana sanaa. Lakini mpiga picha huyo anamwambia mteja jina lake. Anampanga, anamwomba ainue kidevu, anamwuliza kama yuko tayari. Siku iliyokubaliwa anarudi na picha ya karatasi mkononi, kwa sababu asiporudi hatalipwa. Pesa imemfundisha adabu ambayo upendo wa picha haujawafundisha wengine.

Na hasara ni nini, kama mama hakuambiwa kitu? Kwa familia zilizokimbia, hasara ni kubwa kuliko aibu.

Watu hawakimbii wote kitu kimoja. Wako waliokimbia mabomu. Wako waliokimbia mtu fulani anayejulikana kwa jina: jirani mwenye silaha, kamanda wa kilima, mume. Wako wasichana waliokuja mjini kutafuta matibabu ambayo nyumbani hawawezi hata kuyataja. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana duniani kote kwa kuhudumia wanawake waliobakwa, na yeye alipewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Basi msichana akipigwa picha amesimama mbele ya geti lile, picha imesema kitu ambacho yeye hajamwambia hata mama yake. Ikifika kijijini kwake, haitakuwa tena picha ya mtu wa kawaida.

Na wanaume pia. Kijana anayebeba kreti za soda, ameonekana nyuma ya picha karibu na watu wenye bunduki, leo ataitwa mpiganaji wa upande huu, kesho wa upande ule. Yeye alikuwa anapita tu. Aliyempiga amepata pongezi mia mbili. Aliyepigwa amepata swali la kujibu usiku.

Simu yenyewe inasema mengi kuliko mwenye simu anavyofikiri. Simu nyingi, Tecno na Itel zikiwamo, zinaweza kuandika ndani ya picha saa na mahali ilipopigwa, kwa namba za satelaiti, kama sehemu hiyo haikuzimwa kwenye mipangilio ya kamera. Mtu akituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, habari hizo huondolewa. Akiituma kama hati ili isipoteze ubora, zinaweza kubaki. Wapenzi wa picha ndio hasa wanaopenda kutuma kama hati, kwa sababu wanajali ubora. Na hata bila namba, kuna kilima nyuma, kuna paa la shule, kuna maandishi ukutani. Mtu wa Bukavu hahitaji satelaiti kutambua ngazi za kanisa fulani. Familia iliyojificha imeonyeshwa ilipo.

Jibu la kwanza wanalolitoa ni kwamba barabara ni ya wote, na cha wazi hakina mwenyewe. Katiba ya nchi hii, ya tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 31 kwamba kila mtu ana haki ya kuheshimiwa katika maisha yake binafsi. Haikusema isipokuwa wenye njaa. Sheria ya mambo ya dijitali ya Machi 2023 nayo inalinda habari binafsi za mtu. Lakini ubishi huu hauhitaji kwenda mahakamani. Anayesema barabara ni ya wote ajaribu kusimama mbele ya mke wa mkubwa yeyote anaposhuka kwenye gari pale Muhumba, amnyooshee simu usoni hatua mbili, halafu amweleze nadharia hiyo. Hatajaribu. Anajua wa kumwogopa. Basi si kwamba hajui kuomba ruhusa; anachagua wa kumwomba.

Jibu la pili lina uzito zaidi: ukiomba, picha inakufa. Mtu anajiweka sawa, anakausha uso, mwanga unapita. Ni kweli kwa dakika tano za kwanza. Baada ya hapo mama anarudi kwenye mzigo wake, mtoto anachoka kutazama simu, na kijana aliyekaa naye anapiga picha ambayo mpita njia hawezi kuipata, kwa sababu sasa anajua kwamba mama hucheka akifika kwenye kona ya mwisho ya mlima. Pamela Tulizo wa Goma alipata tuzo ya Dior kwa wapiga picha vijana mwaka 2020 kwa picha za "Double Identité", juu ya wanawake wa mji wake na jinsi ulimwengu unavyowatazama. Picha zile zilitengenezwa pamoja na waliomo ndani yake. Raissa Karama Rwizibuka, anayefanya kazi hapa hapa Bukavu, alikuwa kati ya wapiga picha Wakongomani walioshiriki katika kazi ya "Congo in Conversation" mwaka huo huo, na dunia ikatazama. Ukaribu ulizaa picha hizo, wala haukuziua.

Jibu la tatu ndilo zito kuliko yote: dunia lazima ijue. Wanaolitoa wana haki ya kulitoa, kwa sababu Kongo yenyewe ina ushahidi wa nguvu ya picha tangu zaidi ya miaka 100.

Mwezi Mei 1904, huko Baringa, katika eneo la kampuni ya mpira iliyoitwa Abir, baba mmoja alifika kwenye misheni na kifurushi cha majani. Walinzi wa kampuni walikuwa wameua mke wake na binti yake. Ndani ya kifurushi mlikuwa na mkono na mguu wa mtoto. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha akiwa amekaa barazani, akitazama vilivyobaki. Picha hiyo ilionyeshwa kwenye makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani, ikawa moja ya silaha zilizomwondoa Leopold wa Pili kwenye utawala wake binafsi wa Kongo mwaka 1908.

Baba yule aliitwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Binti yake aliitwa Boali. Majina hayo yanajulikana hadi leo kwa sababu kuna aliyeuliza na akaandika. Ndiyo maana wakubwa wa mpira hawakuweza kusema ni hadithi ya kutunga: ilikuwa na mtu, kijiji, siku. Wanaopita mbio na simu wakisema dunia lazima ijue wanasahau sehemu hii. Dunia ilijua kwa sababu aliyekuwa na kamera alijua kwanza.

Mfano wa kinyume uko Marekani. Mwaka 1936, wakati wa umaskini mkubwa, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja na watoto wake huko Nipomo, California, kwenye kambi ya wavuna njegere waliokosa kazi. Ilikuwa familia ya watu waliohamahama kutafuta kazi, na hema ndilo lililokuwa nyumba yao. Picha ile ikawa moja ya picha mashuhuri kuliko zote za karne. Lange mwenyewe alikubali baadaye kwamba hakumwuliza mama yule jina. Ilichukua zaidi ya miaka 40, hadi mwaka 1978, ndipo ulimwengu ukajua kwamba anaitwa Florence Owens Thompson, na alipozungumza alisema anajuta kupigwa picha hiyo, kwa kuwa hakupata hata senti. Chakula kilipelekwa kambini baada ya picha kutoka gazetini, ndiyo, lakini yeye na watoto walikuwa wameshaondoka. Kambi ilisaidiwa. Mama wa kwenye picha hakukutwa.

Hilo ni jambo ambalo mashirika ya misaada nayo yangelifikiria, kwa sababu wapenzi wa picha hawakuanza wao tabia hii. Waliiona. Waliona wanawake wakipangwa mstari, kila mmoja na kipande cha sabuni juu ya kifua, "Mama, inua kidogo, tuone nembo." Mwenye sabuni hakuwa na nafasi ya kukataa, angekataa vipi mbele ya anayegawa unga? Kijana aliyekuwa pembeni akitazama alijifunza kwamba uso wa mkimbizi ni malipo ya msaada. Kisha akaenda mwenyewe, bila sabuni, akachukua malipo.

Wazee wa Bukavu wanakumbuka picha za namna nyingine. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa upande huu wa mpaka, maelfu ya watoto walipotezana na wazazi wao. Watoto walipigwa picha mmoja mmoja, na picha hizo zikabandikwa kwenye mbao kambini ili wazazi wapite na kutafuta. Msalaba Mwekundu umetumia njia ya picha hata katika vita vilivyofuata hapa Kivu. Kwa macho ya mtaalamu hazikuwa na uzuri wowote: mtoto katikati, mwanga mkali, hakuna kilima wala machweo. Lakini kila moja ilianza na mtu kuchutama mbele ya mtoto na kumwuliza, unaitwa nani, baba anaitwa nani, mlitoka wapi. Mzazi aliyesimama mbele ya ubao ule hakuwa anatazama sanaa.

Familia nyingi zilizo Bukavu leo zina upungufu ambao hakuna orodha ya msaada inayoutaja. Waliokimbia mwanzoni mwa mwaka 2025, hata wale zaidi ya 60,000 waliovuka Ruzizi kuingia Burundi, wengi wao wakilundikana kwenye uwanja wa Rugombo, waliondoka na godoro, sufuria, mtoto mgongoni. Picha zilibaki ukutani. Picha ya ndoa, picha ya marehemu baba, picha ya mtoto aliyekufa ambayo ilikuwa ndiyo pekee. Simu nyingine ziliporwa njiani au ziliuzwa kwa ajili ya nauli. Wako akina mama ambao sura zao ziko kwenye simu za watu wasiowajua, pengine hadi Ulaya, na wao wenyewe hawana hata picha moja ya watoto wao. Hakuna jambo la kuchukiza katika habari hii yote kushinda hili.

Na ndilo rahisi kurekebisha. Mpenzi wa picha aliyepiga picha ya familia aichapishe na kurudi nayo. Labo za picha zipo mjini. Anayepata pesa ya megabaiti za kurusha picha arobaini kwa wiki anaweza kupata ya kuchapisha moja. Kama ana ujuzi, apige na picha ndogo za watoto kwa ajili ya shule, na za watu wazima waliopoteza karatasi zao. Katika nchi ambayo kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho, aliyekimbia bila kadi anajua thamani ya kuwa na sura yake kwenye karatasi.

Kujitambulisha kunamlinda mpiga picha pia. Huu ni mji uliompoteza Serge Maheshe tarehe 13 Juni 2007 na Didace Namujimbo tarehe 21 Novemba 2008, wote wa Radio Okapi, kwa risasi. Hapa mtu anayepiga picha kimya kimya anaitwa mpelelezi kabla jua halijazama, na hakuna wa kumtetea. Aliyesalimia, akataja jina lake na la baba yake, akasema anakaa wapi na anafanya nini, ana akina mama kumi wa kusema "huyu tunamjua."

Upande wa familia, hakuna aliye na deni la kutoa sura. Mama ana haki ya kumsimamisha kijana na kumwuliza jina lake, picha ni ya nini, nani ataiona. Ana haki ya kusema mtoto apigwe mgongo tu, au mikono, au asipigwe. Ana haki ya kusema futa, na kusimama pale hadi ifutwe, pamoja na kwenye sanduku la zilizofutwa, ambako picha hukaa siku kadhaa kabla ya kupotea kabisa. Mwenyeji aliyepokea wakimbizi ana haki hiyo hiyo kwa wageni walio chini ya paa lake. Na mtu akikubali leo, anaweza kukataa kesho, hali ikibadilika; mwenye simu na aitoe alikoiweka, bila kununa.

Miili ya waliokufa ni swali gumu zaidi. Baada ya mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, tarehe 4 Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 400 huko Kalehe, matope yalijaa watu ambao hawakuweza tena kukubali wala kukataa. Hapo aulizwe ndugu, au mzee wa kijiji, na kama hayupo wa kuulizwa, zipigwe nyumba, upigwe mto, zipigwe koleo za wanaochimba. Picha ya uso wa marehemu ipewe wanaotafuta watu wao, isiwekwe mahali pa kuhesabu pongezi.

Kwa walio hai, kazi inaweza kuanza kesho asubuhi. Mama wa Beach Muhanzi atapita na mzigo wake saa ile ile, kwenye mlima ule ule, na bado hajui kijana yule anaitwa nani.